UZI: Kengele ya joto inayokupigia simu usiku (banda la vifaranga, laini ya kawaida, bila intaneti)

Mlehemuwaya (Busia, UG)

Wakuu, habari za jioni. Kuna watu wamekuwa wakiniuliza kuhusu kile kikopo kinachoning'inia kwenye banda la vifaranga la jirani yangu. Nimeona bora nikiweke hapa, msome wote na mnikosoe hadharani.

Kazi yake ni moja. Joto la banda likitoka nje ya mipaka, kinapiga simu. Hakitumi picha wala grafu, na hakuna programu ya kupakua. Simu inaita kama simu ya mtu yeyote, mpaka uamke.

Wafugaji mnajua sababu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, halafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamtoshe. Huku kwetu wengi tunapasha kwa sigiri ya mkaa au balbu. Mkaa unafifia saa tisa usiku, saa ambayo hata mbwa amelala. Vifaranga wakisikia baridi wanarundikana pembeni, na wa chini wanakosa pumzi. Wengi hufa kwa kulaliana, si kwa baridi yenyewe. Na kinyume chake kipo: balbu nyingi, banda limefungwa sana, mchana jua likawaka, wanahema midomo wazi.

Vifaa:

Bodi, yaani kikompyuta kidogo kinachoendesha programu, ni Arduino Pro Mini ile ya volti 3.3, ndani yake kuna chipu ya ATmega328P. Sensa ni DS18B20 iliyofungwa kwenye kichuma kisichopitisha maji, ina waya tatu. Inapima kuanzia −55 hadi 125, na kati ya −10 na 85 kosa lake halizidi nusu nyuzi. Hapo unahitaji rezista moja ya kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa data na waya wa chanya. Ukiisahau husomi kitu. Simu ni moduli ya SIM800L, kile kibodi kidogo chenye nafasi ya laini na antena ya springi. Betri ni seli moja ya lithiamu ya 18650, na chaja ni TP4056 inayochomekwa kwenye chaja ya simu ya kawaida. Umeme wa volti 240 sijaugusa popote, na nawe usiuguse.

Sasa niseme kitu ambacho kwenye video nyingi hakipo. Kupima joto ni kazi ya mchana mmoja. Mtihani ni kumwamsha mtu, na kujua kwamba kweli ameamka. Kifaa kikipiga simu kisipokelewe, kifanye nini? Kikinyamaza wiki nzima, ni kwa sababu banda liko salama au kimekufa? Asilimia kubwa ya muda wangu ilikwendea hayo maswali mawili, wala si nyuzi joto.

Karibuni.

---

KukuNiBiashara

Mkuu kazi nzuri, lakini mimi nauliza kama mtu wa kijijini: si uweke tu kijana alale bandani? Simu haitii mkaa kwenye sigiri.

---

Mlehemuwaya

Umesema kweli, na ndiyo maana namba ya kwanza kwenye kifaa si ya mwenye banda. Ni ya kijana anayelala chumba cha jirani na banda. Mwenye mali ni wa pili, kwa sababu yeye mara nyingi yuko mjini na kutoka mjini hawezi kuongeza mkaa. Mpangilio wa namba ufuate nani anaweza kufika kwa miguu, usifuate nani ana cheo.

Na kijana kulala ndani ya banda lililofungwa lenye sigiri, hapana ndugu yangu. Moshi wa mkaa una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, na haichagui kati ya kuku na mtu.

---

Msimbo_Kla

Kwa heshima zote kaka, mwaka huu bado tunatumia SIM800L? Chukua ESP32, ina WiFi ndani, tuma Telegramu bure, unaona grafu ukiwa popote. Bodi moja, hakuna moduli ya simu, hakuna amri za AT (zile za maandishi za kuiongoza moduli) sijui nini.

---

Mlehemuwaya

ESP32 ni bodi nzuri na bei yake haiumi. Lakini fuata njia ya ule ujumbe. Umeme umekatika, balbu za banda zimezima, na ruta nayo imezima. Yaani saa ile ile unayoihitaji kengele ndiyo saa inayokata mdomo. Unaweza kuipa ruta betri yake, sawa, halafu bando liishe usiku wa manane. Na tuseme vyote vimepita salama: ujumbe wa Telegramu unatoa mlio wa nusu sekunde. Umewahi kuamshwa na huo?

Kampala, nyumba yenye intaneti ya waya na inverta, nakubali. Bandani Busia, nitabaki na simu.

---

Mama_Iganga

Mimi nina vifaranga wa mayai, nimefuatilia kwa makini. Gharama ya simu je? Kikipiga kila usiku si kitakula salio lote? Na simu yangu usiku naiweka kimya maana wateja hawana adabu.

---

Mlehemuwaya

Dada, hapo ndipo penye utamu. Kifaa hakiongei na mtu, kinabipu. Kinaita sekunde 25 kisha kinakata chenyewe. Usipopokea, hakuna shilingi iliyotoka.

Na wewe ukishaamka unakibipu. Moduli inaona simu inaingia, inasoma namba ya mpigaji, ikikuta ni namba iliyo kwenye orodha inakata na kuandika kwenye kumbukumbu yake kwamba mtu amepata habari. Hapo kinatulia nusu saa. Ikipita nusu saa joto halijarudi, kinaanza upya. Kama hakuna aliyekibipu, kinaenda namba ya pili, ya tatu, kisha kinarudi ya kwanza, hakichoki.

Kwa nini nisihesabu kupokelewa kwa simu kuwa ndiyo jibu? Kwa sababu hata sanduku la sauti hupokea. Hata mtoto hupokea. Hata mtu mwenye usingizi hubonyeza kitufe akageukia upande wa pili. Kubipu inabidi ufungue macho utafute namba.

Ila usiache laini na salio sufuri. Mtandao hauruhusu kupiga bila kitu ndani, hata kama simu haitapokelewa. Weka kidogo kiwepo. Pia laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kwa hiyo mara moja kwa wiki kifaa kinatuma ujumbe mfupi wa kawaida, ambao unaonyesha pia joto la chini na la juu la wiki ile. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si ya kuokota.

Kuhusu simu kuwa kimya: kwenye simu za kisasa ile hali ya kutosumbuliwa inakuruhusu kuchagua namba chache zipite. Ipitishe namba ya kifaa na uipe mlio wake peke yake. Lakini ushauri wangu wa dhati ni katochi. Simu ya vitufe, chaji inakaa siku nyingi, sauti inasikika hadi kwa jirani, iache kando ya kitanda.

---

Nubi_wa_Bombo

Mimi nimejaribu hii SIM800L mwaka jana nikaitupa kabatini. Inawaka, taa inapepesa, ukipiga simu inazima na kuanza upya. Nilibadilisha moduli, tabia ni ile ile. Nilikuwa nailisha kutoka pini ya 5V ya Arduino Uno.

---

Mlehemuwaya

Itoe kabatini, haina kosa. Hii moduli inataka kati ya volti 3.4 na 4.4. Tano ni nyingi kwake. Halafu inaporusha mawimbi inavuta hadi ampia 2 kwa kipande kidogo sana cha sekunde, na pini ya Uno haiwezi kutoa kiasi hicho. Volti inaporomoka, moduli inajizima, inawaka, inatafuta mtandao, inavuta tena, inajizima. Mzunguko huo huo mpaka asubuhi.

Seli ya lithiamu ina volti 4.2 ikijaa na karibu 3.7 katikati, imekaa kwenye dirisha la moduli kabisa. Unganisha moduli moja kwa moja na seli, waya mfupi na mnene, si zile waya nyembamba za ubao wa majaribio. Karibu kabisa na miguu ya moduli lehemu kapasita ya maikrofaradi 1000. Hasi za bodi na za moduli ziungane.

Taa pia inazungumza. Ikipepesa kila sekunde bado inatafuta mtandao. Ikipepesa mara moja kila sekunde tatu imeshika.

Jambo la pili, mawasiliano ya data. Mguu wa RX wa moduli umezoea volti 2.8, na Uno inatoa 5. Ukiendelea na Uno weka rezista mbili za kilo-ohm 10 kugawanya, unapata 2.5, inatosha. Mimi nilichagua Pro Mini ya 3.3 kupunguza balaa hili, nikaweka rezista ya kilo-ohm 1 tu katikati.

---

Nubi_wa_Bombo

Kumbe! Banange. Na seli itakaa muda gani umeme ukikatika?

---

Mlehemuwaya

Moduli ikisubiri bila kulala pamoja na bodi, hesabu kama miliampia 25. Seli halisi ya miliampia-saa 2500 inakupa siku tatu hadi nne. Nasema halisi kwa sababu sokoni kuna seli zimeandikwa 9900 na ukizipima hazifiki hata theluthi. Seli ya 18650 iliyoandikwa zaidi ya 4000 ipite tu.

Na usingoje joto lishuke ndipo upate habari. Chukua ile volti 5 ya chaja ya simu, igawanye kwa rezista, ipeleke pini moja ya bodi. Pini ikisoma sifuri dakika mbili mfululizo, kinatuma ujumbe: UMEME HAKUNA. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha yuniti usiku ni kitu hicho hicho kwa kifaranga, na kwa kuwa chaja iko kwenye mita moja na balbu, unajua kabla banda halijapoa.

---

Mwl_Fizikia_Tororo

Ndugu Mlehemuwaya, umeeleza vizuri ya waya lakini umeruka mahali pa kuweka sensa, na hapo ndipo watu watapotea. Ukiitundika usawa wa kichwa chako unapima joto lako wewe. Hewa moto hupanda. Iweke usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita tano hivi juu ya maranda, katikati ya chanzo cha joto na ukuta. Usiiweke chini ya balbu ana kwa ana, kwa kuwa kile kichuma kitapokea mnururisho, yaani miale ya joto, na kusoma juu kuliko hewa ilivyo. Izungushie wavu, vifaranga watakidonoa.

Kabla ya kuitumia ihakiki, hasa kwa kuwa DS18B20 za bandia ni nyingi. Saga barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo yajaze nafasi, koroga, tumbukiza. Baada ya dakika chache isome karibu na sifuri. Watu hupenda kumalizia na maji yanayochemka wakitegemea 100. Sisi tuko kwenye kimo cha kama mita 1,200, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mwanafunzi wangu aliwahi kutaka kuirudisha sensa dukani kwa sababu hiyo! Kwa banda, tumia maji ya uvuguvugu na kipimajoto cha homa cha zahanati. Kinaanzia 35, ambapo ndipo unapopahitaji.

---

Mlehemuwaya

Mwalimu, asante, hilo la mnururisho nalinakili kwenye ukurasa wa maelekezo. Naongezea: sensa hii ina namba mbili za uongo. Ikipoteza umeme kidogo na kurudi hutoa 85. Waya ukikatika, maktaba ya programu hukupa −127. Waandishi wengi wa programu huzitupa wakaendelea. Mimi nazitupa mara chache, zikirudiarudia kwa dakika moja kifaa kinapiga simu kama vile banda linaungua. Panya akikata waya nataka kujua.

---

Mama_Iganga

Na mtu akifungua mlango kulisha, hewa baridi ikaingia, si kitapiga simu bure?

---

Mlehemuwaya

Hapana dada. Kinasoma kila sekunde kumi, lakini ni lazima joto likae nje ya mpaka dakika tano mfululizo. Na mpaka wa kuingia si wa kutoka. Wiki ya kwanza: kengele chini ya 30, inazima ikifika 31. Juu, kengele ikipita 37, inazima ikishuka 36. Bila pengo hilo joto likicheza kwenye 30 kamili kingekubipu usiku kucha, na siku ya tatu ungekizima. Kengele ya uongo ndiyo inayowafanya watu wavunje kengele.

Kitufe kimoja pembeni, ukikibonyeza kila wiki kinashusha mipaka yote nyuzi 3. Usisahau, la sivyo wiki ya nne kitakulilia kuku wakiwa wazima kabisa.

---

Malaba_Mpakani

Wewe uko Busia, mimi Malaba. Simu zetu hapa asubuhi zinasema karibu Kenya na hatujavuka hata mtaro. Kifaa chako hakirukii mtandao wa ng'ambo?

---

Mlehemuwaya

Kinaruka, tena sana! Ukiiuliza moduli kwa amri ya AT+CREG? ikijibu 0,1 iko nyumbani, 0,5 iko ugenini. Ugenini bipu inaweza kupita, lakini namba inaweza kufika kwa sura tofauti na ujumbe mfupi ukakatwa bei nyingine.

Dawa ni kuifunga kwenye mtandao mmoja kwa namba ya utambulisho. Uganda ni 641. MTN ni 64110, Airtel ni 64101. Kwa mfano:

AT+COPS=1,2,"64110"

Ubaya wake ni kwamba mnara wako ukizima, haitajaribu mwingine. Mimi nimeiandikia hivi: ifungwe nyumbani, ikikosa mtandao dakika kumi iachiwe huru kwa AT+COPS=0. Bora kengele ya ghali kuliko ukimya.

Antena ya springi ni dhaifu. Uliza AT+CSQ, jibu ni 0 hadi 31, na 99 maana yake haijui. Chini ya 10 tafuta antena ya nje ya waya, uipandishe juu ya paa. Ndani ya banda la mabati mawimbi hayana pa kupita.

---

Nubi_wa_Bombo

Tupe basi zile amri za kupiga, kabati limeshafunguliwa.

---

Mlehemuwaya

Kasi ya mawasiliano weka 9600. Kisha:

AT+CPIN? (ijibu READY)
AT+CLIP=1 (ionyeshe namba ya mpigaji)
ATD+2567XXXXXXXX; (usisahau nuktamkato mwishoni, bila hiyo moduli inadhani unataka simu ya data)
AT+CLCC (hali ya simu)
ATH (kata)

Kwenye CLCC tazama tarakimu ya tatu. 2 ni inapiga, 3 upande wa pili inaita kweli, 0 imepokelewa. Isipofika 3 ndani ya sekunde 15, kwa kawaida simu ya mwenzako imezimwa au haina mtandao. Usipoteze muda, nenda namba inayofuata.

Namba ya aliyekibipu linganisha tarakimu tisa za mwisho tu. Mara inakuja na +256, mara inakuja na sifuri mbele.

Washa pia kile kipima-muda cha kujiwasha upya kilicho ndani ya ATmega328P. Upeo wake ni sekunde 8: programu ikiganda bila kukigusa, bodi inaanza upya yenyewe. Na kila saa 24 tangu kuwashwa, kifaa kinabipu mara moja hata kama hakuna tatizo. Nimekiwasha saa sita mchana, kwa hiyo bipu ya mchana ni salamu. Isipokuja, unakwenda bandani ukiwa bado na mwanga.

---

Msimbo_Kla

Sawa, nimeanza kuelewa. Swali la mwisho la ubishi: 2G, ule mtandao wa zamani ambao SIM800L inautegemea, ikizimwa? Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilizima yake tangu 2017.

---

Mlehemuwaya

Siku hiyo moduli itabadilishwa, programu itabaki karibu ile ile, amri za AT nyingi zinafanana. Zipo za 4G kama A7670, lakini kabla ya kununua hakikisha mtandao wako unapitisha sauti juu ya 4G kwa kifaa hicho, la sivyo utakuwa na data bila mlio. Huku kwetu katochi zimejaa kila kijiji, sioni mtu akizizima kesho.

---

Nesi_Arua

Samahani kuingilia mambo ya kuku. Naweza kuweka hiki kwenye friji ya chanjo ya kituo chetu?

---

Mlehemuwaya

Sista, kama nyongeza ya kukuamsha, ndiyo. Kama mbadala wa kipimo rasmi, hapana. Changu hakina cheti, na chanjo ya watoto haijaribiwi na kikopo changu.

---

Nesi_Arua

Kipimo rasmi tunacho, kile cha kurekodi siku 30. Kinaonyesha alama ya hatari ikipita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au ikishuka chini ya −0.5 kwa dakika 60. Shida ni kwamba kinaonyesha kwa atakayekitazama, na Jumamosi usiku hakuna wa kukitazama. Ningependa mlio kabla ya hizo saa kumi kuisha.

---

Mlehemuwaya

Basi mipaka iwe 2 na 8. Upande wa juu ngoja nusu saa, maana mlango unafunguliwa kila mara. Upande wa chini usiruhusu zaidi ya dakika kumi.

---

Nesi_Arua

Hapo umenena. Wengi wanaogopa joto peke yake, lakini chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano) na ya homa ya ini aina ya B zikiganda mara moja hazifai tena hata ukiziyeyusha. Sensa niiweke wapi?

---

Mlehemuwaya

Itumbukize kwenye kichupa cha maji katikati ya chupa za chanjo, isisomee hewa. Waya upitishe upande wa bawaba za mlango, ni mwembamba, mpira utafunga. Usitoboe friji. Namba ya kwanza iwe ya mlinzi wa getini, na jenereta awe anajua kuiwasha.